Mnyonyeshaji wa Nyumba ya Bibi Shaikha

Mtoto alikuwa halii njaa.

Radhia ndiye aliyeona mwanzo, maana yeye ndiye mama mtu. Kila mara anakoroga maziwa ya kopo, anayatia kwenye chupa, anajaribu tone moja juu ya mkono wake, kisha anamtia mtoto chuchu mdomoni. Mtoto anaitazama tu ile chupa. Anageuza uso. Chupa inarudi jikoni imejaa, maziwa yanamwagwa, na mtoto wala hatoi sauti. Ingekuwa anakonda, angekimbizwa hospitali. Lakini alikuwa ananenepa. Mashavu yalijaa, mikono ilipiga pingili, na akiwekwa begani alicheua maziwa meupe mazito, ambayo harufu yake haikuwa ya kopo.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, mjini Ibra, Omani, wakati wa joto kali. Mtoto mwenyewe aliitwa Yaqeen, na alikuwa katafutwa sana. Radhia na mumewe Nadhir walikaa miaka bila ya kizazi, wakenda Maskati, wakenda mpaka India, wakarudi mikono mitupu. Alipokuja kuzaa alizaa kwa kupasuliwa, akaugua, maziwa yakamkauka, na daktari akamvuta Nadhir pembeni akamwambia huyu ndiye wa mwanzo na ndiye wa mwisho. Kwa hivyo Yaqeen alikuwa mmoja tu. Nyuma yake hakuna wa kuja.

Nyumba yao ilikuwa mpya, ya matofali, na Nadhir aliijenga kwenye kiwanja cha wazee wake. Nyuma yake bado zilisimama kuta za udongo za nyumba ya zamani, hazina paa, na ndani yake hakuna aliyeingia isipokuwa paka. Nadhir alifanya kazi kwenye ofisi ya maji ya serikali. Radhia kazaliwa Tabora, na watu wake sasa wako Manah. Na mtu wa tatu ndani ya nyumba alikuwa mama yake Nadhir, Bimdogo, mzaliwa wa Unguja aliyerudi na mwanawe kwenye nchi ya wazee wao, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha na mgongo ulionyooka kama wa mtawala, ingawa magoti yalikuwa hayamtaki tena.

"Mama," Radhia alimwambia siku moja, "huyu mtoto anakula nini?"

"Anakula riziki yake. Ulitaka alie usiku kucha ndio ufurahi?"

"Nataka alie, mama. Mtoto asiyelia njaa mie ananitisha."

"Nyie watu wa Tabora mna maneno nyie. Mtoto wa watu wazito hana pupa ya kula. Pupa wanayo waliozaliwa dukani, nyuma ya magunia ya karanga."

"Hayo magunia ndiyo yaliyonisomesha."

"Na ndiyo yaliyokufundisha kujibu."

Radhia akacheka, maana walikuwa wamezoeana hivyo, na Bimdogo naye akacheka, akampokea mtoto, akamweka mapajani. Kisha akaanza yale aliyokuwa akiyaanza kila akimshika yule mtoto. Akaanza kumsomea ukoo wake.

Ukoo wenyewe ulianza na Bibi Shaikha bint Turki. Huyo alikuwa binti wa sheikh, kazaliwa papo hapo Ibra, kwenye ile nyumba ya udongo wakati ina ghorofa mbili na mlango wa kuingia ngamia na mzigo wake. Akaolewa na binamu yake Saif. Mahari yake ilikuwa shamba la mitende na zamu ya maji ya falaji, mfereji wa mji. Wanawake walikuja kwake kuamuliwa magomvi yao, na wanaume wakisimama nje ya pazia kusubiri atasema nini, maana Saif hakukata shauri bila yake. Alikuwa na kila kitu, isipokuwa watoto hawakukaa. Alizaa wavulana akawazika, akazaa tena akazika, mpaka watu wakaanza kusema maziwa yake machungu.

"Alipozaliwa baba yangu, Humoud," Bimdogo alisema, "babu Saif hakutaka mchezo. Akaagiza mnyonyeshaji kutoka Mrima. Kaletwa kwa jahazi mpaka Sur, na kutoka Sur mpaka hapa juu ya punda. Baba akanyonya, akaishi. Akakua, akenda Unguja, akaoa, akanizaa mie. Mie nikamzaa Nadhir. Nadhir kamzaa huyu. Na huyu ndiye msichana wa mwanzo kuzaliwa kwenye kiwanja hiki tangu bibi yangu mwenyewe. Shaikha mwengine huyu, tazama pua."

Radhia alikuwa keshaisikia hadithi hiyo mara nyingi. Lakini siku hiyo alikuwa anafikiria maziwa, usiku na mchana anafikiria maziwa tu, na akauliza jambo ambalo hajawahi kuliuliza.

"Huyo mnyonyeshaji alikuwa anaitwa nani?"

"Jina la mjakazi nani aliliweka, mwanangu?"

"Alikuwa na maziwa. Mwenye maziwa kazaa. Mtoto wake yeye alikuwa wapi?"

Bimdogo alikuwa anampangusa mtoto mdomo kwa pembe ya leso.

"Maziwa ya mtu mmoja hayalei watoto wawili," alisema. "Na yule wake alikuwa msichana tu."

Akaendelea kupangusa.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Bimdogo hakulisema kwa mtu. Halikuwa siri, ila aliona haya. Mtaa mzima ule walikuwa Waarabu watupu, majirani wema, lakini Kiswahili hawakijui. Wakija mlangoni wanaita kwa Kiarabu, enyi watu wa nyumba. Bimdogo Kiarabu alikuwa nacho, ila kilikuwa cha kununulia samaki. Mazungumzo yake, vichekesho vyake, matusi yake matamu, vyote vilikuwa vya Unguja, na alikuwa na hamu ya mtu wa kuzungumza naye kama mwenye kiu. Basi mchana mmoja, mtoto akiwa bado mchanga kabisa, watu wameshakula, Ibra nzima imelala, jua liko utosini, Bimdogo kajilaza chumbani kwake nusu yu macho, akasikia sauti ya mwanamke nje ya mlango.

"Hodi. Hodi wenyewe."

Kwa Kiswahili. Tena kile cha zamani, cha kuvuta. Bimdogo hakuuliza nani. Moyo wake ulifurahi kabla akili haijaamka. Akajibu palepale alipolala, kama alivyokuwa akijibu kwao Unguja.

"Karibu. Pita ndani, nyumba yako."

Akasikia mlango. Akasikia miguu mitupu juu ya marumaru, inapita ukumbini. Akajikokota, akajifunga leso, akatoka kumpokea mgeni wake, na ukumbi ulikuwa mtupu. Mlango wa nje ulikuwa umefungwa kwa komeo, kwa ndani. Akajiambia kaota. Na tangu siku hiyo mtoto hakulia njaa.

Radhia alianza kuhisi mambo madogo madogo. Kichwa cha mtoto kilinuka mafuta ya nazi. Nyumba ile haikuwa na mafuta ya nazi, mtoto alipakwa losheni ya dukani. Akamuuliza Bimdogo, Bimdogo akanusa, akafumba macho kwa raha, akasema harufu ya kwetu hii, nani kampaka? Hakuna aliyempaka. Kisha mtoto akaanza kutazama watu wasiokuwepo. Mama yake anamwita upande huu, yeye macho yanakwenda upande ule, yanafuata kitu kinachotembea taratibu kutoka dirishani mpaka kitandani, na mdomo unachekelea. Radhia akimbeba, mtoto anakuwa mzito na mkavu mikononi mwake, kama mtoto wa jirani aliyeshikwa na mgeni.

Akaamua kuona kwa macho yake. Mchana mmoja baada ya chakula, Nadhir bado yuko kazini, Bimdogo kalala, Radhia akajilaza kwenye godoro ubavuni mwa mtoto, akajifunika leso usoni, akaacha upenyo wa jicho moja. Eisi ilinguruma ikipuliza baridi. Pazia lilikuwa limeshushwa, na chumba kilikuwa na ule mwanga wa hudhurungi wa mchana uliofungiwa nje.

Kwanza ikaja harufu, mafuta ya nazi na moshi wa kuni. Kisha miguu mitupu, polepole, ya mtu anayeburura kisigino kimoja, ikaja mpaka godoroni ikasimama. Na godoro upande wa pili wa mtoto likabonyea, likabonyea kama linavyobonyea mtu mzima anapokaa, kisha anapoegemea kiwiko, kisha anapolala ubavu, na Yaqeen akageuka mwenyewe kuelekea kule kwenye bonde la godoro ambako hakukuwa na mtu, akafumbua mdomo, akakamata hewa kwa midomo yake, na mashavu yakaanza kuvuta na koo kumeza, na Radhia akasikia sauti ya mtoto anayenyonya kwa uroho, ile sauti aliyokuwa akiilalia akiota kuisikia kifuani mwake mwenyewe, na uzi wa maziwa meupe ukateremka kutoka pembe ya mdomo wa mtoto ukaingia shingoni, na yeye Radhia alitaka kupiga ukelele akakuta ulimi hautoki, alitaka kunyoosha mkono amvute mwanawe akakuta mkono kama si wake, na joto la mwili wa mtu mwengine lilikuwa linampiga usoni kupitia leso.

Sauti ikasema, taratibu, karibu kabisa na sikio lake, wala si kwa ubaya:

"Lala, mwenzangu. Wewe huna. Mie ninayo."

Nadhir aliporudi alimkuta mkewe kakaa uani kwenye jua, mtoto kifuani, hana viatu.

"Uliota," alimwambia kwa sauti ya chini. "Umechoka. Ile operesheni..."

"Nusa kichwa chake."

"Radhia."

"Nusa, baba Yaqeen. Kisha niambie nimeota."

Nadhir akanusa. Akamchukua mtoto, akampa Bimdogo, naye akenda msikitini kumtafuta mutawa, mwalimu wa dini wa mtaa.

Mutawa alikuwa mzee msafi, mwenye sauti nzuri. Akakaa ukumbini, mlango wa chumba uko wazi, mtoto yuko ndani na mama yake, akasoma alichokisoma kwa muda mrefu. Hakuna kilichotikisika. Mtoto alisinzia. Mwisho akainua mikono kuomba dua, na kila akifika mahali watu wote wanaitikia amin, Nadhir, Bimdogo, na Radhia kule ndani. Dua ya mwisho walipoitikia na kumaliza, ikaitikia na sauti nyengine. Ilikuwa ya mwanamke. Ilitoka mle chumbani, pembeni mwa kitanda, kwa unyenyekevu, ya mtu aliyechelewa kidogo.

"Amin."

Mutawa alitazama mikono yake. Kisha akavaa viatu, na mlangoni akamwambia Nadhir kwa Kiarabu, "Mwanangu, huyo hakuingia kwenu kwa nguvu. Mie nawafukuza walioingia kwa nguvu. Huyo sina cha kumwambia."

Siku ya pili yake mchana, Radhia aliinama sinki kunawa uso, akageuka, mtoto hayupo. Akapita vyumba vyote kwa kukimbia. Akamkuta kwenye kizingiti cha mlango wa nje, kalazwa chini, macho makavu, katulia. Kafungwa kwenye kitambaa cha kaniki, kile cha bluu nyeusi walichokuwa wakivaa wajakazi zamani, kimechakaa mpaka kimekuwa laini, na kafungwa kwa ile namna ya kubebwa mgongoni safari ndefu. Na komeo la mlango lilikuwa limeshafunguliwa nusu.

Usiku ule ule Nadhir alitia petroli gari, akenda Sur.

Aliyerudi naye alikuwa Bi Kaltham wa Aija, ng'ambo ya hori, mwanamke mnene, mfupi, Kiswahili chake kakipata kwa mama yake. Watu wa pwani walikuwa wakimwita wakishindwa na mengine yote. Alishuka kwenye gari akipepea buibui.

"Shikamoo," Radhia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huyu mumeo kanitia kwenye gari kama gunia, hata chai sijanywa. Nipe kahawa na tende kwanza. Mgeni wenu hakimbii. Tende ndizo zinazokwisha."

Akala tende zake, akanywa kahawa, akamchukua mtoto akamnusa kichwani na mdomoni. Kisha akaingia chumbani peke yake, na walisikia anazungumza mle ndani, anauliza, ananyamaza, anaguna, kama jirani kaja kutazama mgonjwa. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna nyumba mtoto alinyimwa ziwa akafa," alisema. "Ya nani?"

Radhia alimtazama mkwewe.

"Alizikwa wapi, mama?" aliuliza taratibu.

"Sijui," alisema Bimdogo. "Nyuma huko. Kwenye kuta. Mie nilisikia tu, mie sijazaliwa."

"Sikilizeni," alisema Bi Kaltham. "Kwa sheria yetu tone moja linatosha, anayenyonyesha keshakuwa mama. Huyu alimnyonyesha babu yenu, kwa hivyo ni bibi yenu. Kamnyonyesha na huyu, kwa hivyo ni mama yake. Hamna mlango wa kumfungia. Alitolewa wake msichana ili nyumba hii iishi, na sasa nyumba hii imezaa msichana. Anamnyonyesha mpaka atosheke. Siku atakayomwachisha ziwa ndiyo siku atakayotoka naye. Na kaniki keshaitayarisha."

Radhia alimkumbatia mtoto mpaka mtoto akaguna.

"Asomewe basi," Nadhir alisema. "Uchomwe ubani, ichinjwe mbuzi, chochote."

"Hafukuzwi. Mtu kakaribishwa. Nani kamwambia karibu?"

Eisi ikanguruma. Bimdogo alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Kapiga hodi," alisema. "Kwa Kiswahili."

"Na wewe hukuuliza nani."

"Kwa Kiswahili, Bi Kaltham. Hapa Ibra. Ningeuliza vipi?"

Bi Kaltham akapumua. "Basi ni mgeni wako. Na mgeni haondoki kwa kufukuzwa, anaondoka kwa kuagwa. Aliyemkaribisha ndiye amwamkie, amfungie chochote cha njiani, amtoe, amsindikize. Mchana, saa ile ile aliyoingia."

"Mie?" Bimdogo aliinua kichwa. Mgongo ukanyooka. "Mie nikamwamkie mjakazi? Mie binti wa Humoud bin Saif? Mjukuu wa Shaikha bint Turki nimshikie miguu mtu aliyenunuliwa?"

"Mama," alisema Radhia, na sauti yake ilikuwa ndogo, haina hata ukali, "bila ya yule hakuna Humoud. Na bila ya Humoud hakuna wewe."

Bimdogo akashusha leso yake mpaka machoni.

"Maliza maneno yako," Nadhir alimwambia Bi Kaltham. "Umebakisha jambo. Naliona."

Bi Kaltham aligeuza kikombe chake cha kahawa mkononi. "Kusindikizana unakujua. Wewe unamtoa mgeni mpaka njiani, na yeye akiwa na adabu hakubali urudi peke yako, anakurudisha. Basi na huyu ana adabu. Atakayemsindikiza akigeuza uso tu kurudi nyumbani, na yeye anageuka kumrudisha. Na wewe, Nadhir, ukimwita mama yako kwa jina au kwa umama, atageuka. Asiitwe."

"Sasa atarudi vipi?"

"Nimeona waliosindikiza," alisema Bi Kaltham. "Sijaona aliyerudi peke yake."

Nadhir alisema hapana. Alisema hapana mara nyingi, alisema watahama, watakwenda Manah, watakwenda Nizwa, na Bi Kaltham akamwambia bibi anakwenda wanakokwenda wajukuu. Bimdogo akajikokota, akainuka. Akaondoka, akaingia chumbani kwake, na usiku kucha taa yake iliwaka.

Asubuhi alikoga. Akavaa doti ya kanga mpya, akatia wanja, akajifukiza udi kama anakwenda harusini. Akapika halua kidogo kwa mkono wake, akafunga na tende kwenye kitambaa. Mchana ulipofika, wakati mtaa umelala na jua liko utosini hata ukuta hauna kivuli, aliingia chumba cha mtoto. Radhia alikuwa kakaa pembeni, maana Bi Kaltham alimwambia asimshike mtoto. Mtoto alikuwa godoroni ananyonya hewa, anameza.

Bimdogo alipiga magoti. Magoti yake yalilia. Radhia alimwona yule mwanamke ambaye hajawahi kumwamkia mtu Ibra nzima, anainama mpaka kipaji kinakaribia sakafu.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Mashavu ya mtoto yakasita. Hata eisi ilikuwa kama imeshika pumzi. Kisha sauti ikatoka pale godoroni, karibu kabisa, ya mwanamke aliyesubiri neno moja mpaka akachoka kulisubiri, na sasa kalisikia wala haamini.

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi, mie pia nimekunywa maziwa yako. Kupitia baba. Mwache huyu mdogo, hata mazungumzo hajui, atakufaa nini njiani? Mie najua Unguja yote. Nina habari za kukusimulia mpaka tuchoke. Njoo nikutoe."

Godoro likainuka taratibu. Mtoto akabaki na mdomo wazi.

Miguu ya watu wawili ikapita ukumbini, ya mmoja ina viatu, ya mwenzake mitupu, inaburura kisigino. Nadhir alikuwa kasimama uani, mgongo ukutani, pembe ya kilemba chake kaijaza mdomoni ili asisikike. Aliona mama yake anatoka, kifurushi mkononi, kichwa kimeelekea pembeni kama mtu anayesikiliza. Alikuwa anazungumza. "...na kwetu Malindi, Unguja, siku hizo, bibi, hakuna asiyejua baba yangu, basi siku moja..." Akacheka. Nadhir hakuwahi kumsikia anacheka hivyo tangu watoke Unguja, na alikuwa peke yake kwenye jua jeupe, na mbele ya nyayo zake kwenye vumbi zilikuwa zinachomoka nyayo nyengine, ndogo, kisigino kimoja kimeburuzwa. Wakapita kuta za udongo. Wakapita mitende. Kila baada ya muda anasimama, kama wanavyosimama wanawake wanaoagana na maneno hayajaisha, anaweka mkono kiunoni, anazungumza, kisha wanatembea tena, kuelekea bonde la wadi, ule mto mkavu, na Nadhir alimwona anafika kwenye ule mpindo wa mwisho ambapo mtu akipita haonekani tena, anasimama pale, na bega lake linataka kugeuka, lilitaka, aliliona, mwana mtu halikosei bega la mama yake, na neno mama lilikuwa limemjaa kinywani pamoja na kile kitambaa, likimkaba, na akajua akilitoa tu mama yake atarudi, na hatorudi peke yake.

Hakulitoa.

Nyuma yake, ndani ya nyumba, Yaqeen alilia. Alilia njaa, kilio cha mtoto aliyenyimwa, cha hasira, na Radhia alikuwa anamwaga maji na unga wa maziwa jikoni kote, anacheka na kulia, na mtoto akaikamata ile chupa akaivuta mpaka chini, akataka nyengine. Nadhir alipogeuka tena, bonde lilikuwa tupu.

Walimtafuta. Polisi walikuja, na watu wa mtaa, na mabedui wanaojua kusoma nyayo. Wakasema nyayo za bibi zinafika kwenye mpindo, halafu mchanga ni safi. Radhia aliomba wahame. Nadhir hakukubali. Alisema mama akirudi atuulizie kwa nani? Wakabaki. Na tangu hapo nyumba ile ilijulikana kwa kukosa adabu. Mgeni akitoka anaagwa kwa ndani, anafungiwa mlango, hakuna anayemtoa hata hatua moja. Majirani walisema Waswahili hawa wameringa.

Yaqeen alikua. Alisoma shule, akazungumza Kiarabu kama watoto wengine, na Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, watu na vitu vyote kwake ni ngeli moja. Picha za bibi yake zilikuwa zimefungiwa kabatini. Mchana mmoja, baada ya chakula, Radhia alikuwa anakunja nguo kitandani, na mtoto kasimama dirishani kaingiza kichwa nyuma ya pazia. Alikaa pale muda mrefu. Kisha akauliza, kwa Kiswahili kilichonyooka, cha Unguja, cha kuvuta.

"Mama, wale hawachoki kuagana?"

Mikono ya Radhia ilisimama juu ya nguo.

"Kina nani?"

"Bibi na mwenzake."

Radhia hakwenda dirishani. Alitaka kumwambia mtoto toka hapo, na sauti iliyomtoka ilikuwa nyengine, ndogo, kavu.

"Wako wapi?"

"Walikuwa kule bondeni, bibi anamsindikiza." Yaqeen alibandika paji la uso kwenye kioo ili aone vizuri. "Sasa yule mwenzake ndiye anayemrudisha."